Mtoto asiyetulia: Ni utundu, ni maradhi, na je apewe vidonge?

Wiki hii tunayaweka kando mambo ya minyoo na maji ya visima, ili tuijibu barua ya mama mmoja wa Tanga ambaye ametuomba tusilitaje jina lake. Barua yenyewe ni ndefu, tutaieleza kwa ufupi.

Mama huyu ana mtoto wa kiume wa miaka minane. Anasema mtoto ana mapepe tangu alipoanza kutembea. Akitumwa dukani kufuata chumvi hurudi na mpira aliouokota njiani, chumvi kaisahau na hela imepotea. Darasani hakai kitini. Anajibu swali kabla mwalimu hajamaliza kuuliza, anamsukuma mwenzake, daftari ya leo haionekani kesho. Madrasa amekwisha kuhamishwa mara mbili, na ustadh wa sasa amemwambia mama waziwazi kuwa bakora zimemshinda. Bibi yake mtoto anashikilia kuwa ni shetani, baba yake anasema kadekezwa.

Sasa, dada yake mama huyu anaishi Marekani, katika jimbo la Ohio, naye ana mtoto wa kiume wa umri ule ule na tabia zile zile, kana kwamba wamezaliwa tumbo moja. Yule wa Ohio alipelekwa kwa daktari, ikaonekana ana kitu kinachoitwa ADHD, na kila asubuhi anameza kidonge kabla ya kupanda basi la shule. Dada mtu kaona huruma, akampa mgeni aliyekuwa akija likizo chupa ya vidonge hivyo amletee mdogo wake. Chupa ipo kabatini. Mama anauliza: "Nimpe au nisimpe?"

Jibu fupi, dada yetu, ni usimpe. Lakini jibu hilo peke yake halitakusaidia, kwa sababu mtoto bado hatulii na ustadh bado kachoka. Kwa hiyo tuwe na subira tuliangalie jambo hili tangu mwanzo, kwani hata huko Marekani kwenyewe watu wanabishana juu yake kwa zaidi ya miaka hamsini, na hawajamaliza.

ADHD ni nini hasa?

Herufi hizi nne ni kifupisho cha Kiingereza cha jina la hali ambayo kwa Kiswahili chepesi tunaweza kusema ni upungufu wa umakini pamoja na kutotulia kuliko kawaida. Si wazimu, wala si upungufu wa akili. Watoto wengi wenye hali hii wana akili nzuri tu, tatizo ni kuzituliza mahali pamoja kwa muda unaotakiwa.

Madaktari wa Marekani wana kitabu chao cha kuainisha maradhi ya akili, na ndani yake zimeorodheshwa dalili tisa za upungufu wa umakini na tisa za kutotulia na kufanya mambo kwa papara. Mtoto anatakiwa awe na angalau dalili sita katika fungu moja au yote mawili, ziwe zimeendelea kwa miezi sita au zaidi, ziwe zimeanza kabla hajatimiza miaka 12, zionekane katika sehemu zaidi ya moja, yaani nyumbani na shuleni, na ziwe zinamharibia maisha yake kweli kweli. Masharti haya mawili ya mwisho ndiyo ambayo watu huyaruka. Mtoto anayemsumbua mwalimu mmoja tu, na kwingine kote ni mtulivu, huyo hana ADHD. Huenda ana tatizo na mwalimu.

Msomaji atauliza, je hakuna kipimo? Hakuna. Hakuna kipimo cha damu, hakuna picha ya ubongo, wala hakuna mashine inayoweza kumwambia daktari kuwa huyu anayo na yule hana. Malaria tunaiona kwenye darubini, sukari tunaipima kwa tone la damu, lakini hii inajulikana kwa kuuliza maswali na kumchunguza mtoto. Na hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia. Wanaopinga wanasema, vipi tumwite mtoto mgonjwa kwa maneno ya mwalimu aliyechoka? Wanaounga mkono wanajibu kuwa hata kipandauso hakina kipimo, na hakuna anayemwambia mwenye kichwa kinachopasuka kuwa anajisingizia.

Kuna wanaodhani kuwa ADHD ni kitu kilichobuniwa juzi na makampuni ya dawa. Hilo si kweli. Daktari wa Kijerumani, Melchior Adam Weikard, aliandika juu ya watu wasioweza kutuliza mawazo yao mwaka 1775. Mskochi Alexander Crichton naye akaandika mwaka 1798. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara mjini London juu ya watoto ambao hawakuwa wapumbavu, walilelewa vizuri, na bado hawakuweza kujizuia. Watoto hao, basi, walikuwepo kabla ya vidonge. Jina ndilo lililokuwa likibadilika kila mara. Mwaka 1968 Wamarekani waliiita hali ya watoto kuchakarika kupita kiasi, mwaka 1980 wakalibadilisha jina wakaweka mkazo kwenye umakini, na mwaka 1987 ndipo likapatikana jina la ADHD tunalolisikia leo.

Wanasayansi waliowalinganisha mapacha wameona kuwa hali hii inarithiwa kwa kiasi kikubwa sana, inafuata ukoo karibu kama urefu wa mwili unavyofuata. Baba anayesema mtoto kadekezwa hebu amuulize mama yake mzazi yeye mwenyewe alikuwaje alipokuwa na miaka minane.

Vidonge vilitoka wapi?

Mwaka 1937 daktari Charles Bradley alikuwa akisimamia nyumba ya kutibia watoto wenye matatizo ya tabia katika jimbo la Rhode Island. Watoto wake walikuwa wakiumwa vichwa baada ya kufanyiwa kipimo cha ubongo kilichokuwa kikitumika zama hizo, akawapa watoto 30 dawa ya Benzedrine, ambayo ni katika jamii ya amfetamini, akitumaini kuwa itawapunguzia maumivu. Maumivu hayakupungua sana, lakini karibu nusu ya watoto walibadilika darasani kwa namna ya kushangaza: walikaa, waliandika, walifanya hesabu. Dawa ambayo humchangamsha mtu mzima akakesha, iliwafanya watoto hawa watulie.

Miaka saba baadaye, mwaka 1944, mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba huko Uswisi alitengeneza dawa nyingine iitwayo methilifenideti. Mkewe aliijaribu kabla ya kucheza tenisi na akaona inamsaidia, naye jina lake la utani lilikuwa Rita. Kutokana na Rita ikapatikana Ritalin. Tangu miaka ya 1960 dawa hii imekuwa ikitumika kwa watoto Marekani, na hadi leo ndiyo inayojulikana zaidi, ingawa sasa zipo nyingine, baadhi zikiwa za amfetamini na chache si za kuchangamsha kabisa.

Inafanyaje kazi? Ndani ya ubongo kuna kemikali zinazopeleka habari kutoka seli hadi seli, na miongoni mwake ni dopamini na noradrenalini. Hizi zinahusika na kumfanya mtu alione jambo lililo mbele yake kuwa lina maana, alishikilie, asivutwe na kila kinachopita. Dawa huzizuia zisirudishwe haraka zilikotoka, hivyo zinabaki kwa muda mrefu zaidi kati ya seli. Kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa saa nne hivi, na vile vilivyotengenezwa kutoka polepole hufika saa nane hadi kumi na mbili. Baada ya hapo mtoto anarudi alivyokuwa. Haiponyi. Inafanana na miwani: ukivaa unaona, ukivua huoni.

Kwa nini wanagombana?

Mwaka 1970 gazeti la Washington Post liliandika kuwa katika mji wa Omaha, asilimia tano hadi kumi ya watoto wa shule walikuwa wakipewa dawa za kubadilisha tabia. Kelele zikapigwa hadi Bungeni, na mbunge Cornelius Gallagher akaitisha kikao cha kulichunguza jambo hilo mwezi Septemba mwaka huo huo. Watu wengi walikuwa na hofu kuwa shule zinanyamazisha watoto kwa vidonge, hasa watoto wa maskini na wa watu weusi.

Kelele hazikuizuia idadi kupanda. Mwaka 1991 wizara ya elimu ya Marekani ilieleza kuwa mtoto mwenye ADHD anaweza kupata huduma za elimu maalumu. Hilo ni jema, lakini lilimpa mzazi na shule sababu ya kulitafuta jina hilo. Kisha kuna matangazo. Marekani ni miongoni mwa nchi chache mno duniani zinazoruhusu dawa za daktari kutangazwa moja kwa moja kwa wananchi kama inavyotangazwa sabuni. Mama anamwona mtoto kwenye televisheni, kapata alama nzuri baada ya kidonge, kesho yuko kwa daktari. Katikati ya miaka ya 1990 bodi ya Umoja wa Mataifa inayosimamia madawa ya kulevya ilionyesha wasiwasi wake kuhusu kiasi cha methilifenideti kinachomezwa katika nchi hiyo moja.

Leo hali ikoje? Kwa mujibu wa uchunguzi wa serikali yao wa mwaka 2022, watoto milioni 7.1 wa Marekani wenye umri wa miaka 3 hadi 17, sawa na asilimia 11.4, walishawahi kuambiwa wana ADHD. Mwaka 2016 walikuwa milioni 6.1. Kati ya wale walio na hali hiyo, zaidi ya nusu kidogo walikuwa wakitumia dawa.

Sasa linganisha na hili. Watafiti waliokusanya tafiti kutoka pembe zote za dunia walikadiria mwaka 2007 kuwa ni kama asilimia 5 tu ya watoto walio na hali hii, na walipolirudia jambo hilo mwaka 2014 hawakuona kuwa watoto wenyewe wameongezeka kwa miongo mitatu, mradi kipimo kinachotumika ni kile kile. Ikiwa watoto hawakuongezeka, basi kilichoongezeka ni nini? Wengine wanasema ni elimu, zamani walikuwa wakiachwa bila msaada. Wengine wanasema ni haraka ya madaktari. Dk. Keith Conners, ambaye ndiye aliyetunga fomu ya maswali inayotumiwa na walimu na wazazi kote duniani, uzeeni mwake alijitokeza mwaka 2013 akalalamika kuwa mambo yamepita mpaka. Dk. Allen Frances, aliyeongoza jopo lililoandika toleo la kile kitabu cha maradhi lililotoka mwaka 1994, naye amekuwa mkosoaji mkubwa. Hawa si watu wa pembeni, ni watu waliojenga nyumba yenyewe.

Ushahidi ulionigusa mimi zaidi ni wa tarehe za kuzaliwa. Majimbo mengi ya Marekani yanaandikisha darasani watoto waliotimiza miaka mitano kabla ya Septemba mosi. Maana yake aliyezaliwa Agosti anakuwa mdogo kuliko wote darasani, na aliyezaliwa Septemba anasubiri mwaka mzima na kuwa mkubwa kuliko wote. Watafiti walioandika mwaka 2018 waliwahesabu, wakakuta kati ya watoto 10,000 wa Agosti, 85 walikuwa wamepewa jina la ADHD, na kati ya 10,000 wa Septemba ni 64 tu. Tofauti ya asilimia 34! Huko British Columbia, Kanada, ambako mwaka wa shule unakata Desemba, iligundulika mwaka 2012 kuwa wavulana waliozaliwa Desemba walikuwa na uwezekano wa asilimia 41 zaidi wa kupewa dawa kuliko wale wa Januari, na wasichana asilimia 77. Ubongo haujui tarehe ya kuandikisha shule. Maana yake ni kwamba baadhi ya watoto hao hawakuwa wagonjwa hata kidogo, walikuwa wadogo tu. Wazazi wetu wanaokimbilia kumpeleka mtoto darasa la kwanza kabla ya wakati ili "awahi kumaliza" walitafakari hilo.

Upande wa pili nao wana hoja nzito. Mtoto mwenye ADHD ya kweli asiyesaidiwa huishia kufukuzwa shule, hupata ajali zaidi, na akikua baadhi yao huangukia kwenye ulevi na jela. Watafiti wa Sweden waliwafuatilia watu zaidi ya 25,000 wenye hali hii, na wakaandika mwaka 2012 kuwa katika vipindi ambavyo wanaume walikuwa wakitumia dawa, uhalifu wao ulikuwa chini kwa asilimia 32 kuliko vipindi walivyoacha, na kwa wanawake asilimia 41. Hilo si jambo la kupuuza. Halafu wapo watoto wasiohesabiwa kabisa, hasa wa kike, ambao hawaruki wala hawapigi kelele. Anakaa nyuma ya darasa kimya, macho yapo dirishani, hakuna anayemlalamikia, na mwisho wa mwaka kafeli. Kwa mtoto huyo jina hili limechelewa, halijazidi.

Dawa inafanya nini na haifanyi nini

Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha watoto 579 wa miaka 7 hadi 9. Waligawanywa makundi manne kwa muda wa miezi 14: wa kwanza walipewa dawa kwa uangalizi wa karibu, wa pili walipewa mafunzo ya tabia pamoja na wazazi wao, wa tatu walipewa vyote, na wa nne waliachwa wakatibiwe kama kawaida ya mtaani kwao. Kwa dalili zenyewe, waliopewa dawa na wale waliopewa vyote waliwapita wenzao. Makampuni yakafurahi. Lakini watafiti waliendelea kuwafuatilia watoto wale wale, na ilipofika miaka mitatu tofauti baina ya makundi yote manne ilikuwa imetoweka. Baadhi waliacha dawa, baadhi ya wale wa mafunzo walianza dawa, kwa hiyo tafsiri yake inabishaniwa mpaka leo. Ila jambo moja lilionekana: watoto walioanza dawa walikuwa wamepungukiwa na urefu wa kama sentimita mbili kulinganisha na wenzao ambao hawakutumia.

Madhara mengine yanajulikana: kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi, kuumwa tumbo na kichwa, moyo kwenda mbio na presha kupanda kidogo. Kwa nadra sana mtoto anaweza kuona au kusikia visivyokuwepo. Kwa hiyo mtoto hupimwa moyo, presha, uzito na urefu kabla ya kuanza, na hurudiwa kupimwa kila baada ya muda.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Husikika mtu akisema: "Nilimpa, akatulia, basi kumbe kweli anaumwa." Hoja hii haina miguu. Mwaka 1978 daktari Judith Rapoport na wenzake waliwapa amfetamini wavulana 14 wazima wasio na tatizo lolote, nao pia walipunguza kuchakarika na umakini wao ukaongezeka. Kwa hiyo mtoto kutulia baada ya kidonge hakuthibitishi kitu.

Wachunguzi wa mtandao wa Cochrane walioupitia ushahidi wote wa methilifenideti mwaka 2015 walisema dawa huenda inapunguza dalili, lakini tafiti nyingi zina kasoro kiasi kwamba huwezi kuwa na uhakika ni kwa kiwango gani. Wataalamu wengine waliwajia juu kwa hukumu hiyo. Shirika la Afya Duniani nalo liliombwa mwaka 2019, na tena 2021, liiweke dawa hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na mara zote mbili likakataa. Ndiyo maana usishangae kuikosa kwenye hospitali zetu nyingi.

Kwetu je?

Watoto hawa wapo kwetu. Watafiti wa Uganda waliowachunguza watoto 332 waliokuwa wakihudhuria kliniki za mishipa ya fahamu na akili katika hospitali ya Mulago, Kampala, walikuta asilimia 11 wana ADHD, na hao ni watoto waliokwisha kufikishwa hospitali. Wengi zaidi hawafiki. Huko Ohio mtoto hupewa jina haraka kupita kiasi, huku kwetu hapewi jina ila fimbo. Kati ya hao wawili sijui nani anaonewa zaidi.

Lakini kabla mzazi hajasema "mwanangu ana ADHD", yapo mambo mengi katika mazingira yetu yanayofanana nayo, na haya ndiyo ya kuanza nayo. Mtoto asiyesikia vizuri kwa sababu ya masikio yanayotoa usaha huonekana mkaidi. Asiyeona ubao hucheza, kwani afanye nini? Kuna kifafa kisicho cha kuanguka, mtoto hutoweka kwa sekunde chache, macho yameganda, kisha anaendelea. Mwalimu anasema anaota ndoto za mchana. Upungufu wa damu kutokana na minyoo na malaria humfanya mtoto akose nguvu ya kufuatilia somo. Malaria iliyowahi kupanda kichwani inaweza kuacha athari kwenye tabia na umakini kwa miaka. Njaa. Usingizi mchache kwa sababu ya televisheni na simu. Mtoto aliyefiwa, aliyetenganishwa na mama yake, au anayefanyiwa jambo baya na mtu mzima na hathubutu kusema. Huyu wa mwisho anaweza kubadilika ghafla, na mabadiliko ya ghafla si ADHD, kwani ADHD huanza udogoni na huenda naye.

Tusiisahau risasi, ile madini iliyomo kwenye betri kuukuu za magari. Sumu yake huharibu ubongo wa mtoto na kumkosesha umakini. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hili kwa machungu, kwani kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia sumu hiyo katika udongo na damu za watoto wao, na mwaka 2020 mahakama ikawaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ikiwa jirani yako anavunja betri uani, mwondoe mtoto hapo leo.

Na vyakula je? Sukari imesingiziwa mno. Tafiti zilizokusanywa mwaka 1995 hazikuona kuwa sukari inabadilisha tabia ya mtoto, ingawa kwa meno yake ni jambo jingine. Rangi za vyakula ndizo zenye neno kidogo. Watafiti wa Southampton, Uingereza, mwaka 2007 waliona kuwa mchanganyiko wa baadhi ya rangi bandia na dawa ya kuhifadhia vinywaji uliwaongezea watoto kuchakarika, si kwa kiasi kikubwa, lakini kulitosha Umoja wa Ulaya kulazimisha onyo kwenye vifungashio tangu mwaka 2010. Kwa hiyo ukipunguza barafu za rangi na ubuyu unaochovya ulimi mpaka ukawa mwekundu, hupotezi kitu. Usitegemee tu kuwa hiyo ndiyo tiba.

Dada yetu afanye nini?

Kwanza mpeleke apimwe masikio, macho na damu. Hayo yanapatikana hospitali ya mkoa. Kisha omba rufaa kwa daktari wa watoto au wa magonjwa ya akili. Usiogope jina la kliniki hiyo, wala usijali watakaokuona kwenye foleni. Muhimbili wapo, Mirembe Dodoma wapo, Zanzibar ipo Kidongo Chekundu. Wataalamu ni wachache na foleni ni ndefu, kwa hiyo nenda umejiandaa. Chukua daftari, kwa wiki mbili andika mtoto alifanya nini, wapi, saa ngapi, na alilala saa ngapi. Mwombe mwalimu wa shule aandike lake na ustadh aandike lake. Karatasi hizo tatu zitamsaidia daktari kuliko kipimo chochote atakachokuandikia.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa nchi kama zetu unaanza na kumfundisha mzazi na mwalimu, na dawa inakuja baadaye, kwa mtaalamu, kwa mtoto aliyefika miaka sita, pale mambo mengine yaliposhindwa. Uingereza nao wanasema hivyo hivyo, mazingira yarekebishwe kwanza.

Kumfundisha mzazi maana yake nini? Ukimtuma, mwite karibu, akutazame usoni, mpe agizo moja, arudie kwa kinywa chake. Usimwambie "chukua ndoo, pitia kwa shangazi, halafu ununue mkaa", kwani atafika kwa shangazi na ndoo itabaki hapo. Akifanya vizuri msifu pale pale, usingoje jioni. Saa za kula, kulala na kusoma ziwe zile zile kila siku. Darasani akae mbele, mbali na dirisha. Apewe kazi fupi fupi, na katikati atumwe kufuta ubao au kuleta chaki, mwili wake upate pa kupumulia. Mwalimu mwenye watoto 80 ataguna akisoma haya, nasi tunamwelewa, lakini kumketisha mtoto mbele hakumgharimu kitu. Madrasa vile vile: badala ya kumtaka asome ukurasa mzima kwa kikao kimoja, asome aya mbili, asimame, arudi, asome mbili nyingine. Wengi wa watoto hawa wana hifdhi nzuri kwa mtindo huo.

Na bakora? Ustadh mwenyewe kakiri kuwa zimemshinda. Mtoto huyu hasahau kwa makusudi, na fimbo haiwezi kumkumbusha alichokuwa hakukisikia. Inachofundisha ni kuchukia msahafu na kukimbia madrasa. Kumsomea mtoto dua hakuna anayekukataza, wala si kinyume na kumpeleka hospitali, fanya vyote viwili. Ila wale wanaomfunga kamba au kumfukiza moshi mpaka akazimia, hao wakimbie.

Ikitokea daktari, baada ya yote hayo, akaona mtoto anahitaji dawa, usiikatae kwa sababu ya maneno ya watu. Muulize ataanza na kiasi gani, ataipima vipi kama inasaidia, na lini ataijaribu kuisimamisha. Na mtoto akifikia umri wa kufunga Ramadhani, mwambie daktari mapema, kwa kuwa dawa hupunguza hamu ya kula na usingizi, na saa za kuimeza zitabidi zipangwe upya.

Sasa turudi kwenye ile chupa. Vidonge vile viliandikwa kwa mtoto mwingine, wa uzito mwingine, ambaye moyo wake ulisikilizwa na daktari. Wa kwako hajasikilizwa. Pili, methilifenideti na amfetamini zimo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa za aina hiyo, na Tanzania na Kenya zote ni wanachama. Kuipitisha kwenye begi la mgeni bila vibali kunaweza kumtia mgeni huyo matatani uwanja wa ndege, na wanaopitia nchi za Ghuba wawe waangalifu zaidi, kwani huko wanataka kibali hata kwa dawa yako mwenyewe. Tatu, chupa ikiisha utapata wapi nyingine?

Usiitupe jalalani wala chooni, watoto wa mtaa wataiokota. Ifunge, ipeleke kwa mfamasia wa hospitali ya mkoa, mweleze ilivyokufikia, aiharibu kwa utaratibu wao. Na unapompigia simu dada yako kumshukuru, mpe na hili: tangu mwaka 2004 sheria ya Marekani inazikataza shule kumlazimisha mzazi ampe mtoto dawa hizi ndipo aruhusiwe kusoma. Kama alikubali kwa sababu shule ilimtisha, anayo haki ya kurudi kwa daktari na kuuliza upya. Na amwangalie mtoto wake kalenda: kazaliwa mwezi gani?